Kabla hujapanga ukumbi

Spika zangu ziko kwenye baa moja kule Igogo. Nilimuuzia mwenye baa mwaka 2017 kwa laki tisa, zote mbili pamoja na miksa, na mpaka leo nikipita pale jioni nazisikia zikipiga singeli. Zinapiga vizuri kuliko zilivyopiga kwangu. Naanzia hapo kwa sababu haupiti mwezi bila kijana kunifuata hapa Mwaloni, jijini Mwanza, katikati ya magunia ya dagaa, kuniambia Mungu amempa maono ya kuanzisha huduma yake ya kuhubiri na anatafuta ukumbi. Simkatazi. Namwambia akae juu ya gunia nimsimulie.

Nilikuwa na miaka 31, mke, watoto wawili na mtaji wa milioni nne na ushee unaozunguka kwenye dagaa hapahapa soko la Kirumba. Kanisani nilikuwa kiongozi wa vijana na nilijua kuomba kwa sauti. Mkesha wa kufunga mwaka 2015, mgeni aliyekuwa akihubiri alinishika kichwa, akasema anaona umati nyuma yangu. Nililia mpaka shati likalowa. Hata leo sijui niseme nini kuhusu usiku ule. Sidhani kama ulikuwa uongo mtupu. Ninachokijua ni nilichofanya kulipokucha: nilianza kutafuta umati.

Mke wangu aliniuliza maswali matatu jikoni, nayakumbuka yote. Kodi atalipa nani? Mchungaji anajua? Na dagaa atauza nani? Nikamjibu kwa maneno mawili: Mungu amesema. Akanyamaza, akaendelea kuosha vyombo. Nilidhani nimemshinda kwa imani, kumbe nilikuwa nimefunga mlango kwa kufuli na funguo nimeitia mfukoni. Nimetumia maneno yale mawili mara nyingi baada ya hapo, kwa mwenye nyumba, kwa kaka yangu, kwa watu wa kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa cha mke wangu, na kila mara yalifanya kazi ileile ya kumziba mtu mdomo. Kijana akinisikiliza sana, ushauri wangu wa kwanza ni huu: sema "nadhani nimesikia", halafu ukae nalo mwaka mzima huku watu wanaokupenda wakiligonga kila upande. Kama ni la Mungu, mwaka halitaoza.

Aprili 2016 nilipanga ukumbi Mabatini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nakuwekea hesabu kama ilivyo kwenye daftari langu, maana watu wakisimulia huduma zao hesabu huwa wanaziruka. Kodi laki mbili kwa mwezi, miezi 17, milioni tatu na laki nne. Spika, miksa na kinanda, milioni mbili na laki tatu na nusu. Viti 50 vya plastiki, laki sita. Jenereta, laki sita na nusu. Jumla milioni saba, mafuta ya jenereta sijaweka. Sadaka ya wiki ikipanda ilifika elfu sitini. Ikishuka, nilimpa mpiga kinanda nauli kutoka kwenye hela ya unga. Yesu alizungumza habari ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Nilikuwa nimeihubiri Luka 14 mara mbili. Kuketi, sikuketi.

Mtaji wa dagaa ukaisha mwezi wa tano. Mke wangu akaniombea milioni mbili kwenye kikoba chake, akaweka dhamana jina lake na friji alilokuwa akigandishia barafu za kuuza. Ndani ya ukumbi tulikuwa watu 40 hivi, na 14 kati yao nilitoka nao kanisani kwangu bila kumuaga mchungaji. Siku ile niliona nimeokoa roho. Leo naona nilihamisha mbuzi kutoka zizi moja kwenda jingine na kuita ni kuzaliana.

Kuna mambo madogo nayapita haraka. Majirani walilalamikia kelele za mikesha, na mwenyekiti wa mtaa akaja kuuliza hati ya usajili. Sikuwa nayo, wala sikujua kwamba jumuiya ya dini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Nikamwambia ni vita vya kiroho. Masikini yule mzee alikuwa anafanya kazi yake tu.

Jambo kubwa lilikuwa ndani, na hilo halikuonekana kwa sababu nje nilikuwa nawaka. Nilihubiri mara nne kwa wiki. Kila nilipofungua Biblia nilikuwa na kalamu mkononi nikiwinda pointi tatu za Jumapili. Maombi yangu yote yalipitia kwenye maiki. Ikizimwa, sikuwa na la kumwambia Mungu. Kuna usiku nilipiga magoti peke yangu pale ukumbini, viti vimepangwa, nikajikuta nimesema "Bwana asifiwe!" na kungoja watu waitikie. Nilicheka, halafu nikaogopa, halafu nikawasha simu.

Dawa niliyoichagua ni kufunga. Siku 21, maji tu, na jioni uji kidogo, nikiwa na vidonda vya tumbo ambavyo sikuwa nimewaambia watu. Siku ya 13 nilitapika damu. Daktari hakuwa na maneno mengi: aliniuliza nani ameniambia nifunge na tumbo hili, nikasema Roho. Akaandika dawa. Mwenye vidonda au kisukari amweleze daktari na mlezi wake wa kiroho kabla ya kufunga, na aone kama kuna namna nyingine ya kujinyima. Eliya alipolala chini ya mretemu akiomba kufa, malaika hakumpa mfungo. Alimpa mkate na maji, mara mbili, akamwacha alale katikati.

Nilipokuwa nimelala nyumbani ndipo akina mama wa kikoba walikuja. Walikuwa watano, hawakugomba. Walikaa kwenye mkeka, wakaniamkia vizuri, wakanipa pole ya kuumwa, kisha wakabeba friji. Mke wangu aliwasaidia kulichomoa kwenye umeme na kufuta barafu iliyokuwa ikiyeyuka sakafuni. Alipomaliza akakunja kitambaa mara mbili, akakiweka dirishani, na hakuniangalia. Mimi na yeye hatujawahi kuizungumza siku ile mpaka mwisho wake. Agosti 2017 nikafunga ukumbi.

Kurudi kanisani kwangu kulikuwa kugumu kuliko kufunga. Nilimwandikia mchungaji barua ya kurasa nne, nikaichana, nikaenda kwa miguu. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya wale 14. Alisikiliza, akasema, "Karibu nyumbani. Utakaa benchi mwaka mmoja. Huhubiri, huongozi sifa, hufungui hata ibada kwa maombi." Nilijiona nimetukanwa. Sasa naona hakuna mtu aliyenitendea wema kama ule. Jumapili ya kwanza mahubiri yalikuwa marefu na ya kawaida kabisa, na nusu yake nilikuwa nikiyasahihisha kichwani. Ilichukua miezi kama minne mpaka nikaacha kusahihisha na kuanza kusikia.

Katika mwaka huo ndipo nilipomzoea mzee mmoja, mwinjilisti mstaafu wa kanisa jingine, anayekaa kwenye mawe ya juu Kirumba na kushona nyavu barazani kwake. Nilimpelekea nyavu za jirani, nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho kwenye sindano.

"Unasoma Biblia, mwanangu?"

"Nasoma, mzee."

"Ukisoma unatafuta nini?"

"Neno la kuwapa watu."

"Na wewe unakula nini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nisome Injili ya Marko kwa miezi mitatu, kipande kidogo kila alfajiri, bila kalamu, na nisimsimulie mtu ye yote nilichoona, hata yeye. Nilidhani ni jambo jepesi. Wiki ya kwanza mikono iliwasha kama ya mtu aliyeacha sigara. Wiki ya sita hivi, nikiwa kwenye habari ya yule kipofu wa Bethsaida aliyeguswa mara ya kwanza akaona watu kama miti inayotembea, nilikaa kimya mpaka uji ukaungua. Nimeshamwambia msomaji zaidi ya nilivyoruhusiwa.

Mzee huyo ndiye pia aliyenirudisha kwenye biashara. Nilikuwa naona aibu kurudi Mwaloni, mtumishi mzima kupima dagaa kwa debe. Akanisimulia habari za Alexander Mackay, Mskochi aliyefia Usambiro, kusini mwa ziwa hili hili letu la Victoria, Februari 1890, kwa malaria. Alikuwa mhandisi. Kule Buganda alifua vyuma, alichonga mbao na alichapa kurasa za Maandiko kwa mikono yake. "Hawakumfuata kwa sababu ya sauti," mzee alisema. "Walikuja kuangalia anachotengeneza, wakakaa." Kisha akaniuliza swali ambalo sijui kwa nini mimi sikuwahi kujiuliza: "Wewe si ulikuwa unafuata dagaa visiwani? Basi nenda kafuate dagaa."

Nilianza upya na gunia mbili za mkopo kutoka kwa kaka yangu, yule niliyemfunga mdomo.

Ukerewe ni visiwa 38, vingine vikubwa vyenye mashamba ya mihogo na machungwa, vingine ni mawe na kambi za wavuvi tu. Kambi niliyoizoea iko upande wa Ukara. Mchungaji alikuwa amenipa ruhusa ya kufanya ibada huko baada ya mwaka wangu wa benchi, nami nikaenda na Biblia tano na mahubiri niliyoyapika wiki tatu. Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Agosti 2018. Saa tatu asubuhi nikasimama chini ya mti, nikaanza wimbo. Walikuja watoto wanne na mbwa. Wanaume walikuwa wamelala kwenye vibanda vya nyasi kama wafu. Wanawake walikuwa wameinama juani wakitandaza dagaa mchangani, na mmoja wao, bila ubaya, akaniambia nisogee kwa sababu kivuli changu kilikuwa kimeangukia dagaa wake.

Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile ya kununua dagaa sikuwahi kuuliza wanavuliwa lini. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi mwandamo ndio msimu. Mwezi ukikua, mwanga wa angani unashinda taa, samaki hawakusanyiki, mitumbwi inapandishwa mchangani kwa siku kama kumi. Nilikuwa nimewapelekea ibada katika siku za giza, asubuhi ambayo wametoka kufanya kazi usiku kucha. Jumapili yangu haikuwa Jumapili yao.

Usiku ule nikaomba niingie nao ziwani. Vijana wanne, mtumbwi mmoja, taa za betri zimefungwa kwenye vibao vinavyoelea. Wakazishusha majini, wakarudi nyuma kidogo, halafu hawakufanya kitu. Saa mbili nzima. Wadudu walikuja, wakatuingia puani na masikioni. Mmoja wa vijana alilala ameketi. Nikasogeza mguu, ndoo ikagonga ubavu wa mtumbwi, na yule nahodha, kijana wa miaka 22 hivi, akaninong'oneza: "Tulia, mtumishi. Ukigonga wanakimbia." Kufika saa tisa maji chini ya taa yalikuwa yamebadilika rangi, yanachemka kwa fedha, ndipo wakazungusha wavu.

Najua unachofikiri, maana na mimi nilikifikiria papo hapo: hili ni hubiri tayari, limejileta lenyewe, lina pointi tatu. Sikulihubiri. Ndiyo sadaka kubwa kuliko zote nilizowahi kutoa.

Nikapanga kurudi mwezi ukikua. Nilikuwa nimeshafika Ukerewe wakati kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara, Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018. Walikufa watu zaidi ya 200. Mama mmoja wa kambini, yule wa kivuli, alipoteza dada na mtoto wa dada. Nilikuwa na Biblia, nilikuwa na maneno, na nilimpigia mzee simu kumuuliza niseme nini msibani. "Usiseme. Chota maji," akasema. Basi nilichota maji siku tatu, ndoo mbili mbili kutoka ziwani, ziwa lilelile. Jioni ya mwisho yule mama akaniomba nisome kitu, cho chote. Nikasoma Zaburi ya 130, ile inayoanzia vilindini, nikaishia hapo, sikuongeza neno. Ibada yangu ya kwanza yenye watu wazima kambini ndiyo hiyo.

Toka hapo tunakutana usiku wa mbalamwezi, baada ya kushona nyavu, bila spika. Tunasoma kipande kimoja, kila mtu anasema alichokiona, hata asiyejua kusoma. Na hao mara nyingi ndio wanaona. Tulipofika Yohana 21, yule nahodha alinisimamisha. Wenzetu wametoka kuvua usiku kucha patupu, na Yesu anawaita kutoka ufukweni: "Wanangu, mna kitoweo?" Kijana akasema, "Kumbe alijua salamu yetu." Mwingine akaona kwamba moto na samaki vilikuwa tayari kabla Petro hajaulizwa kama anampenda. Nimesikia wahubiri wakubwa juu ya sura hiyo. Huo moto sikuwahi kuuona.

Shida yao kubwa haikuwa niliyodhani. Katika kambi ile hesabu za matajiri wenye mitumbwi na vijana wao hufanywa mbalamwezi, na pesa ya giza zima huishia kwenye pombe ndani ya siku tatu. Wao wenyewe wakataka sanduku la akiba. Mke wangu ndiye aliyelipanga, kwa uzoefu wa kikoba: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio ndugu, daftari linasomwa kwa sauti mbele ya wote, na mtumishi haruhusiwi kushika funguo. Kifungu hicho cha mwisho alikisema akiniangalia usoni. Nilistahili. Hata hivyo mwaka 2021 washika funguo wawili walikubaliana, mmoja akaiba ya tatu, laki tatu na elfu arobaini zikaondoka na mtumbwi wa usiku. Mmoja wao nilikuwa nimembatiza. Tulianza tena na sanduku lilelile, kufuli mpya.

Kwa hiyo usije ukadhani ni habari ya ushindi. Kati ya watu 11 tulioanza nao kukutana kambini wamebaki wanne. Vijana wa kambi huhama, na kuna aliyerudi kwenye pombe ananikwepa nikishuka. Deni la kikoba tulilimaliza Februari 2020. Friji halikurudi, lilishauzwa. Mke wangu sasa huja kambini mara tatu nne kwa mwaka, na wanawake wa kuanika humwendea yeye kwanza. Akiniuliza maswali jikoni nayajibu, na mara mbili majibu yamenifanya niahirishe safari.

Ninayo bado mazoea ya zamani. Mwaka juzi mfadhili mmoja alitaka kutununulia vyombo vya muziki, na usiku ule nilihesabu spika kichwani mpaka alfajiri. Nilimpeleka swali mchungaji na wale wanne wa kambini. Wakasema kama ana pesa anunue maboya ya kuvaa majini. Akanunua 12.

Safari za giza sihubiri kabisa. Naenda kununua dagaa kama wanunuzi wengine, nalala kwenye kibanda cha yule mama, naamka saa kumi kusoma kipande changu bila kalamu, kisha nabandika sufuria. Wiki iliyopita upepo ulikuwa mkali, mitumbwi ilichelewa, nikasimama mchangani nikiangalia taa zinavyorudi moja moja. Wa kwanza kukaribia alikuwa yule nahodha, siku hizi ana mtumbwi wake. Nikamwita kabla hajagusa mchanga:

"Mna kitoweo?"

"Kidogo sana, mtumishi. Uji upo?"

"Upo."

Akaruka majini, akashika kamba, nami nikaingia mpaka magotini kumsaidia kuvuta.